Mkono Ukizeeka, Nani Hulipa?

Machi 7, 2012, mjini Indianapolis, wanaume wawili walisimama mbele ya kamera wakizuia machozi, na machozi yakawashinda. Mmoja alikuwa Jim Irsay, mmiliki wa timu ya Colts. Mwenzake alikuwa Peyton Manning, kwotabeki aliyeichezea timu hiyo tangu 1998 na kuipa ubingwa wa NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, katika msimu wa 2006. Walikuwa wanatangaza kwamba wanaachana.

Hawakuwa na ugomvi. Walikuwa na tarehe. Colts wangeendelea kuwa na Manning, siku iliyofuata wangelazimika kumlipa bonasi ya dola milioni 28. Manning alikuwa na miaka 35, akibakiza siku 17 atimize 36. Shingo yake ilikuwa imepasuliwa zaidi ya mara moja, msimu mzima wa 2011 hakugusa mpira uwanjani, na hakuna aliyeweza kumhakikishia Irsay kwamba mkono ule wa kulia ungerudi kuwa kama zamani. Upande wa pili, Colts walikuwa wameburuta mkia wa ligi, na wanaomaliza mkiani ndio hupewa nafasi ya kwanza ya kuchagua vijana wa vyuo vikuu, katika zoezi liitwalo drafti. Kijana waliyekuwa wakimtazama aliitwa Andrew Luck, na alikuwa na miaka 22.

Kila ninapofikiria uzee wa mwanamichezo, mawazo yangu hurudi kwenye chumba kile. Sisi mashabiki huuliza mkongwe atachoka lini. Wanaoandika mikataba hujua kwamba kuchoka kupo, na kwao swali kubwa ni jingine: siku hiyo ikifika, hasara itakuwa ya nani? Katika michezo yote niijuayo, hakuna mahali swali hilo lina bei kubwa kama kwa kwotabeki wa futiboli ya Kimarekani.

Maini na mkono

Kwa asiyeufuatilia mchezo huu, kwotabeki ndiye nahodha wa jahazi. Kila shambulizi huanzia mikononi mwake. Ana sekunde mbili na nusu, labda tatu, aamue amrushie nani, aurushe wapi, au akimbie nao mwenyewe, huku mabeki wenye uzito wa kilo 110 na zaidi wanamjia mbio kumlaza chini.

Kazi hiyo hutegemea mali mbili. Ya kwanza ni mwili. Kurusha hakuanzii mkononi: nguvu hutoka kwenye unyayo, ikapanda nyonga, ikazungusha kiuno, ikamalizikia begani na kwenye ncha za vidole. Ya pili ni jicho lenye kumbukumbu. Kwotabeki hodari hutazama walinzi wa upande wa pili walivyojipanga, naye hujua, kabla mpira haujaanza kuchezwa, ni mwenzake yupi atakayebaki bila ulinzi baada ya hatua tano.

Mali hizi hazizeeki pamoja. Mwili hupungua kidogo kidogo, ilhali jicho huongezeka maarifa kila msimu. Ndiyo maana kinda wa miaka 23 mwenye mkono kama manati huweza kupotea kabisa uwanjani, na mkongwe wa miaka 38 ambaye mpira wake umeanza kuyumbayumba akamshinda. Wahenga walisema ng'ombe hazeeki maini. Maini ya kwotabeki ni macho yake. Shida huja siku ambayo jicho limemwona mwenzake aliye huru, mkono umeutuma mpira, na mpira ukachelewa nusu hatua. Katika NFL nusu hatua inatosha kuigeuza tachidauni, yaani bao la kuufikisha mpira mwisho wa uwanja wa adui, kuwa mpira ulionyakwa na adui huyo.

Tena mwili hauhesabu siku za kuzaliwa. Unahesabu vipigo. Machi 2020, ndani ya wiki moja tu, yalitokea mambo mawili ambayo kila anayeamini umri ulioandikwa kwenye pasipoti anapaswa kuyaweka pamoja. Tom Brady, mwenye miaka 42, alimwaga wino Tampa Bay kwa mkataba wa miaka miwili wenye thamani ya dola milioni 50. Siku chache baadaye Carolina walimtema Cam Newton, mwenye miaka 30, aliyekuwa mchezaji bora wa ligi mwaka 2015. Newton alikuwa kwotabeki wa kukimbia na mpira, wa kuingia kwa bega katikati ya walinzi, na bega lake la kurushia lilikuwa limepasuliwa mara mbili. Brady alikuwa wa kusimama, kusoma na kuuachia mpira mapema kabla hajaguswa. Kati ya hao wawili, mzee sokoni alikuwa Newton. Na ni huyo Newton aliyekwenda New England kujaza nafasi aliyoiacha Brady, kwa mkataba wa mwaka mmoja wenye malipo madogo.

Mkataba unavyopangwa

Ili kuelewa hofu ya wenye timu, lazima tuelewe ukomo wa mishahara. Tangu 1994 kila timu ya NFL ina kiwango cha juu cha fedha inachoweza kutumia kwa wachezaji wake kwa msimu. Mwaka huo wa kwanza kilikuwa dola milioni 34.6. Mwaka 2025 kilifika dola milioni 279.2. Tajiri hawezi kuuvuka kwa sababu tu ana pesa, na kila dola anayopewa kwotabeki ni dola ambayo haitamfikia mlinzi, mkimbiaji au mdakaji.

Halafu kuna jambo ambalo vichwa vya habari hulificha. Kiasi kikubwa kinachotangazwa siku ya kusaini mara nyingi si fedha atakayoipata mchezaji. Mkataba wa NFL huweza kuvunjwa na timu wakati wowote, na miaka ya mwisho ya mkataba, yenye namba nene kuliko zote, mara nyingi haifikiwi. Fedha ya kweli ni ile iliyodhaminiwa, ambayo mchezaji atalipwa acheze asicheze, aumie asiumie. Mtu anayetaka kujua timu inauogopa uzee wa mchezaji kiasi gani asisome jumla ya mkataba. Asome udhamini unaishia mwaka gani.

Timu nazo zina ujanja wao. Fedha ya kusaini hutolewa mara moja, lakini katika hesabu za ukomo huruhusiwa kugawanywa kwa miaka hadi mitano. Tuseme mkongwe amepewa dola milioni 50 za kusaini kwa mkataba wa miaka mitano. Vitabu vitaonyesha milioni 10 kila mwaka. Akitemwa baada ya miaka miwili, milioni 30 zilizobaki zinaiangukia timu, kwa kawaida kwa mkupuo, na hazinunui hata pasi moja. Wamarekani huziita fedha mfu. Ni mkopo uliochukuliwa kwa dhamana ya mkono wa mtu, na mkono haukopesheki.

Mgawanyo wa Denver

Manning alipoondoka Indianapolis alitua Denver kwa mkataba wa miaka mitano wenye thamani ya dola milioni 96. Ndani yake mlikuwa na busara ambayo wengi hawakuitilia maanani. Denver walimdhaminia msimu wa kwanza, na fedha za misimu iliyofuata wakazifunga kwenye afya ya shingo. Kila upande ulibeba kipande chake cha hofu.

Msimu wa 2013 Manning, akiwa na miaka 37, alirusha tachidauni 55 na yadi 5,477, rekodi mbili za ligi kwa msimu mmoja. Vidole vya mkono wake wa kulia havikuwa vimerudisha hisia zote. Mwenyewe amelisema hilo hadharani. Alichokuwa nacho ni jicho, na jicho lilitosha.

Miaka miwili baadaye halikutosha. Kabla ya msimu wa 2015 Denver walimwomba apunguze mshahara, naye akakubali kuachia dola milioni 4, kwa sharti kwamba angeweza kuzirudisha: milioni 2 timu ikitwaa ubingwa wa kanda yake, na milioni 2 nyingine ikitwaa Super Bowl, fainali ya ligi. Msimu ukawa mgumu. Alirusha tachidauni 9 tu, na mipira 17 ikanyakwa na wapinzani. Mguu ulimuuma, Novemba akapumzishwa, na kijana Brock Osweiler akashika usukani. Manning alirudi mwishoni, na Februari 7, 2016, huku kwetu ikiwa saa nane na nusu usiku wa kuamkia Jumatatu, aliingia uwanjani kucheza Super Bowl ya 50 akiwa na miaka 39. Denver waliwafunga Carolina ya Newton 24 kwa 10. Ulinzi ndio ulioshinda mchezo ule, na Manning alicheza kama mzee anayejua ni ulinzi utakaoshinda: hakujaribu miujiza. Akalipwa milioni zake nne, na mwezi uliofuata akatundika daluga.

Nimeuona mkataba ule kama mfano wa namna ya kuishi na mkongwe. Haukumdhalilisha wala haukujidanganya. Ulimwambia: tunajua mkono umepungua, lakini kama kichwa chako kitatufikisha, haki yako ipo mezani.

Waliolipia jana

Denver hao hao walisahau somo. Mwaka 2022 walimleta Russell Wilson kutoka Seattle, na kabla hajawachezea mchezo mmoja wakampa nyongeza ya miaka mitano ya dola milioni 245, milioni 165 zikiwa na udhamini. Wilson alikuwa na miaka 33, bingwa wa Super Bowl, mtu aliyejenga jina kwa miguu myepesi ya kukwepa walinzi na mpira mrefu uliotua kama njiwa. Miguu ndiyo iliyotangulia kuondoka. Desemba 2023 aliwekwa benchi zikiwa zimebaki mechi mbili msimu uishe, kwa sababu kuu iliyokuwa kwenye karatasi: angeumia, dola milioni 37 za msimu wa 2025 zingekuwa deni lisilokwepeka. Machi 2024 akatemwa, na Denver wakabaki na fedha mfu za dola milioni 85 za kugawanya kwa misimu miwili. Pittsburgh walimchukua kwa kima cha chini cha mkongwe, dola milioni 1.21, huku Denver wakimlipa sehemu kubwa ya mshahara wake ili awachezee wengine.

Mwezi huohuo Atlanta walimpa Kirk Cousins, mwenye miaka 35 na kano ya kisigino iliyokatika miezi mitano tu nyuma, mkataba wa miaka minne wa dola milioni 180, milioni 100 zikiwa na udhamini. Haukupita hata mwezi wa pili, wakatumia nafasi yao ya nane kwenye drafti kumchagua kwotabeki mwingine, Michael Penix Jr. Desemba Cousins alikuwa benchi. Kwa mkono mmoja Atlanta walikuwa wameununua ukongwe, kwa mkono mwingine wakanunua bima dhidi yake, na bima ikaanza kutumika kabla mwaka haujaisha.

Aaron Rodgers alijitahidi kulipa sehemu ya hatari mwenyewe. Mwaka 2023, akiwa na miaka 39 na tuzo nne za mchezaji bora wa ligi, alihamia New York Jets na kuachia takriban dola milioni 35 ili timu ipate nafasi ya kuwasajili wengine. Septemba 11, katika mchezo wake wa kwanza, alicheza mashambulizi manne tu. Kano ya kisigino chake cha kushoto ikakatika. Mamilioni 75 yaliyobaki kwenye mkataba yalikuwa na udhamini, na Jets waliyalipa kwa misimu miwili isiyowafikisha popote. Mwaka 2025, akiwa na miaka 41, alisaini Pittsburgh kwa mwaka mmoja. Soko lilikuwa limejifunza lugha ya mwaka mmoja.

Makosa haya yote yana mzizi mmoja: timu zililipia jana. Kila mwenye mkongwe mkononi hujiambia kwamba huyu wake atakuwa Brady. Ni kweli Brady alitwaa Super Bowl yake ya saba akiwa na miaka 43, na akiwa na miaka 44 aliongoza ligi nzima kwa yadi 5,316. Lakini mikataba ya Brady haikuandikwa na watu waliomwona hazeeki. Mwaka 2019 New England walikataa kujifunga naye zaidi ya msimu ule mmoja, na Tampa walimfunga kwa miwili tu. Vilevile alicheza uzeeni chini ya sheria zinazomlinda kwotabeki kuliko walivyolindwa waliomtangulia. Moja kati ya hizo, inayokataza mlinzi aliyelala chini kumrukia kwotabeki magotini, ilikazwa mwaka 2009 baada ya goti la Brady mwenyewe kuchanika Septemba 2008. Brady, aliyefika miaka 45 akicheza, ni mtu mmoja aliyelindwa, aliyejitunza na aliyebahatika. Kumfanya rula ya kupimia wengine ni kuwaonea.

Vijana wanaobeba wazee

Kuna upande wa hesabu hii unaosahaulika. Mwaka 2010 Sam Bradford, aliyechaguliwa wa kwanza kwenye drafti, alisaini mkataba wenye udhamini wa dola milioni 50 kabla hajarusha mpira mmoja katika NFL. Mwaka uliofuata wenye timu na chama cha wachezaji walikubaliana kuweka ngazi maalumu ya mishahara ya wanaoingia. Cam Newton, aliyechaguliwa wa kwanza mwaka huo wa 2011, alipata dola milioni 22 kwa miaka minne. Fedha zilizookolewa zilikusudiwa zaidi kwenda kwa waliokwisha kuonyesha uwezo. Makinda ambao mishahara yao ilikatwa hawakuwa wameingia ligini, na hawakuwa na kura.

Tangu hapo timu yenye kinda mzuri ina utajiri wa bure kwa miaka minne. Brock Purdy, mtu wa 262 na wa mwisho katika drafti ya 2022, aliifikisha San Francisco kwenye Super Bowl ya Februari 2024 kwa mshahara wa msimu usiofika dola milioni moja. Mwaka 2025 alipewa mkataba wa dola milioni 265 kwa miaka mitano. Denver nao, wakiwa bado wanalipa fedha mfu za Wilson, walifuzu kwa mtoano wa msimu wa 2024, mara yao ya kwanza tangu Manning aondoke, kwa sababu Bo Nix, kinda wao mpya, aligharimu chini ya dola milioni 20 kwa miaka yote minne.

Kwa hiyo mkongwe hashindani na wakongwe wenzake. Bei yake inapimwa dhidi ya kijana anayefanya kazi ileile kwa sehemu ndogo ya malipo. Timu inapotazama karatasi mbili hizo, swali la nani ana jicho bora hupata jibu la kihasibu. Hilo ndilo linalowaondoa wazee wengi mapema kuliko mikono yao inavyodai.

Kurudi Indianapolis

Colts walichagua ujana mwaka 2012, na kwa hesabu za siku ile walikuwa sahihi. Andrew Luck alikuwa kila walichokitumaini. Lakini alipigwa, akapigwa tena, na Agosti 2019, akiwa hajatimiza miaka 30, alitangaza kwamba mwili na roho vimechoka na maumivu yasiyokwisha. Manning alikuwa ametwaa ubingwa akiwa na umri mkubwa kuliko huo kwa karibu miaka kumi. Colts wangeweza kumdai Luck karibu dola milioni 25 za bonasi alizokwisha kulipwa. Hawakudai.

Tangu siku hiyo mji ule umekuwa kituo cha wazee. Alikuja Philip Rivers mwaka 2020, akiwa na miaka 38, kwa mkataba wa mwaka mmoja wa dola milioni 25, akaifikisha timu kwenye mtoano na kustaafu. Alikuja Matt Ryan mwaka 2022, akiwa na miaka 36, na kabla Oktoba haijaisha alikuwa benchi. Alikuja Joe Flacco mwaka 2024, akiwa na miaka 39. Halafu Desemba 2025 kwotabeki wao, Daniel Jones, akakatika kano ya kisigino, na Colts wakapiga simu Alabama, ambako Rivers alikuwa akifundisha timu ya shule ya sekondari. Alikuwa na miaka 44, watoto kumi na mjukuu mmoja, na karibu miaka mitano ilikuwa imepita tangu mchezo wake wa mwisho.

Akaja. Desemba 14 alisimama uwanjani Seattle, dhidi ya mojawapo ya timu zenye ulinzi mkali kuliko zote, na akarusha tachidauni moja. Mkono ulikuwa wa babu, na kila mtu aliona. Jicho lilikuwa lilelile. Seattle walishinda 18 kwa 16 kwa mpira wa teke katika sekunde za mwisho. Mkataba wake ulikuwa wa wiki chache. Hapakuwa na miaka ya mbele ya kuogopa wala fedha mfu ya kuzika. Timu ililipia kile tu ilichokiona mbele yake, naye akatoa alichobaki nacho.

Sisemi wakongwe wote walipwe kwa wiki. Mtu aliyetoa magoti, mabega na shingo yake kwa timu anastahili udhamini, na timu inayovuna mamilioni kutokana na jina lake haina haki ya kumtupia yeye peke yake hasara ya kuzeeka. Lakini udhamini uwe wa msimu unaoonekana, na hatari igawanywe waziwazi kama Denver walivyofanya na Manning, si kufichwa katika miaka ya mbele ambayo kila aliyetia saini anajua haitafika. Mkataba mrefu wa kumfurahisha mzee leo ndio unaomfanya achukiwe kesho, mashabiki wakimtazama na kuona deni badala ya mtu.

Oktoba 2017 Jim Irsay na Peyton Manning walisimama tena pamoja Indianapolis, nje ya uwanja wa Colts. Safari hii walikuwa wanafunua sanamu ya shaba ya Manning akiwa ameinua mkono tayari kurusha, na kesho yake jezi yake namba 18 ikastaafishwa. Irsay alifariki Mei 2025, na sanamu bado ipo. Wawili hao waliweza kusimama pale kwa moyo mweupe kwa sababu miaka mitano kabla waliachana kabla ya ile tarehe ya milioni 28, wakilia, huku hakuna anayemdai mwenzake.